Ziwa la Chumvi

Kisumu ina ziwa moja. Mimi pia.
La kushoto lilibaki hospitalini Februari ya mwaka juzi,
ndani ya kopo la plastiki, jina langu limekosewa:
Peris, badala ya Peres.

Nauza sidiria za mtumba pale Kibuye.
Beli ikifunguliwa, mkono wangu ndio wa kwanza kuchagua kamera.
Mtu kama mimi hawezi kukaa na kikombe kitupu.
Nikashona mfuko, nikautia wimbi,
nikaupima kwa mizani ya jirani yangu wa omena
hadi ukalingana na mwenzake.
Ulikaa vizuri. Ulipata joto langu.
Kisha mvua ya Aprili ikanikuta Kondele bila mwavuli,
na jioni nikausahau mfuko ndani ya beseni, siku tatu.

Titi langu likaota.
Majani membamba, mabichi, yametoboa kitambaa.
Nilicheka hadi Akumu akaja mbio kuuliza kama nalia.

Daktari Wafubwa aliviweka vitatu mezani.
"Shika," akasema. "Wewe ndiye utakayeishi nacho."

Cha kwanza cha jeli, laini,
kilitulia kiganjani kama shavu la mtoto aliyelala.
Kikipasuka?
"Huenda usijue. Hukaa kimya.
Ndiyo maana tutakupiga picha kila baada ya miaka michache."

Cha pili jeli vilevile, ila ngozi yake inakwaruza
kama ulimi wa paka.
Hapo alishusha sauti. Wapo wachache, wachache sana,
waliopata saratani nyingine, ya tezi, kandokando yake.
"Hiki sikiweki tena. Nakuonyesha
ili ukikiona kwingine ujue kukataa."

Cha tatu maji na chumvi. Nilikitikisa, kikanong'ona.
"Kina mikunjo," akasema, "na ngozi yako imekuwa nyembamba,
mikunjo itaonekana."
Na kikipasuka?
"Utaamka kifua bapa. Mwili utayanywa yale maji,
hayana neno. Halafu utarudi, nikukate tena."

Hakuna cha kudumu?
"Hakuna. Miaka kumi, ishirini, pengine mitano.
Na mwili wenyewe unaweza kukijengea ukuta, ukakibana, ukauma."
Akanyamaza kidogo.
"Au uviache vyote, Mama. Hilo nalo ni jibu."

Nilikuwa navigeuzageuza, natafuta lebo. Mazoea.

Akumu, aliyenisindikiza, aliminya kile cha kwanza mara mbili:
"Dada, jeli. Hata mimi ningedanganyika."

Lakini mimi nilikumbuka ule uvimbe,
punje ya mahindi, mwaka mzima
imelala chini ya mkono wangu wenye sabuni
bila kuuma, bila hata kuwasha.
Nikamkumbuka na marehemu,
ambaye nyumba yake ya Ahero
niliijua siku ya mazishi.
Vitu vya kimya nimeshalala navyo.

"Nipe cha chumvi," nikasema.
"Kikiamua kuniacha, kiniache mchana kweupe."

Daktari aliandika. Nikamwomba aniandikie na mimi,
kwa herufi kubwa: kampuni, nambari, mwaka,
upande gani, maji kiasi gani.
Akasema kadi itatoka baadaye.
Nikasema nitasubiri nje, nimezoea foleni.
Na jina, tafadhali, ni Peres.

Kulia ziwa la maji baridi,
kushoto la chumvi, kama lile la Nakuru,
pasipo heroe.

Tarehe ni ya Novemba, Mungu akipenda,
na deni la SACCO likikubali.
Mpaka hapo nimeshona mfuko mwingine, wimbi jipya,
na mwavuli natembea nao
hata jua likiwaka.