Dodoso

Wametugawia karatasi baada ya maabara,
mikono bado inanuka spiriti.
Maswali ishirini na mawili, visanduku vitano vitano:
nakubali sana, nakubali, sina hakika,
sikubali, sikubali kabisa.
Je, unatumia akili mnemba katika masomo yako?
Muadh anacheka kwa pua.
Nani asiyetumia? Hata dodoso hili, ananong'ona,
limeandikwa nayo. Tazama lilivyo na adabu.

Nje, Nizwa inaungua. Mlima umepoteza rangi.
Kiyoyozi kinakohoa.

Nakubali: ilinifunza dawa inavyopita kwenye ini
usiku ambao kitabu kilinifungia mlango.
Nililiuliza jambo moja mara nane,
na mara ya nane ikanijibu kama ya kwanza,
haikuguna, haikutazama saa;
subira ambayo Dokta Intisar, Mungu amweke,
hana, wala hatujamdai.

Nakubali pia: ilimpa Thuwaiba kipimo cha mtoto
na nukta imehama nafasi moja.
Nukta tu, ndogo kuliko mbegu ya ufuta.
Akakinakili kwa mwandiko mzuri.
Dokta Intisar hakupiga kelele.
Alichora mtoto ubaoni, kichwa, miguu,
akaandika pembeni: kilo tisa.
Halafu akamfuta.
Darasa zima tulikisikia kifutio.

Swali la kumi na moja: Je, unayaamini majibu yake?

Hapa kalamu imekwama.

Bibi yangu Shinuna anakaa Firq,
chumba cha pazia la kijani na redio isiyozimwa.
Kiarabu anakitumia kwa daktari na kwa Mungu;
yaliyobaki yote, maradhi yakiwemo, ni Kiswahili.
Kila jioni anameza kidonge cha waridi
ili damu isigande.
Ijumaa ile nikaona mkononi mwake
doa la zambarau, pana kama kisahani,
na hakujigonga popote.
Umekula nini, bibi?
Sijala kitu. Nakunywa uwatu tu, kwa ajili ya magoti.
Tangu lini?
Tangu mfungo mosi.

Nikatoa simu, nikaandika kwa maneno yake yaleyale:
anatumia warfarini, anakunywa uwatu, kuna hatari?
Ikajibu upesi, na heshima zake zote:
Samahani, huenda ulikusudia "watu".
Dawa hii haiwadhuru watu wanaoishi na mgonjwa.

Inasemaje? akauliza bibi.
Inasema umekunywa watu.
Akacheka hadi ushungi ukamdondoka.
Wapo niliotamani kuwanywa, alisema,
sikujaliwa.

Nikauliza tena, kwa Kiarabu: hulba.
Hapo ikajua yote,
damu kuwa nyepesi, kipimo cha kupimwa,
asisubiri kesho, mpelekeni leo.
Ilikuwa sahihi. Nataka niandike hivyo mahali:
ilikuwa sahihi
baada ya mimi kuipa jina la pili.
Na kikombe, kilichofichwa nyuma ya redio,
ni pua yangu iliyokinusa.

Mjomba Ghalib aliendesha bila kusema neno.
Bibi alikaa mbele, mkono ameuinua
kama anayeapa mahakamani.

Msimamizi anasema zimebaki dakika mbili.
Muadh ameshamaliza, nakubali juu mpaka chini,
msitari ulionyooka kama barabara ya Haima.
Thuwaiba ameifunika karatasi yake kwa kiganja.
Mimi nimeviacha visanduku,
pembeni, penye nafasi ya kidole,
nimeandika uwatu,
nikachora na kikombe, kibaya, kama kofia iliyopinduka.
Atakayehesabu majibu atadhani ni uchafu.

Simu inatetema mfukoni.
Ujumbe wa sauti; redio inamzidi nguvu.
Mwanangu, lile jambo lako
limeshaujua uwatu,
au nije nilieleze mwenyewe?