Chooni Kuna Watu

Mara ya tatu tangu Februari
Kashinje ananiletea kichupa kilichofungwa kwenye leso ya mama yake.
Mkojo mzito, rangi ya chai iliyolala.
Hapa Igogo tunajua pa kuanzia:
watoto wote wanaogelea,
basi nawinda kichocho, lile yai lenye mwiba.
Hakuna yai.
Natoboa kidole. Malaria hakuna.
Taifodi, hakuna.
Daktari ameandika tena: anywe maji mengi,
na mama amecheka bila meno kuonekana.
"Maji? Tunaamka tunayaona, tunalala tunayasikia."

Leo nimemtuma mama dirisha la dawa,
nikafuta lenzi isiyokuwa na uchafu.
"Shuleni unakunywa maji saa ngapi?"
Akatazama viatu vyake. Kimoja kina kamba, cha pili waya.
"Sinywi."
"Mbona hunywi?"
"Nikinywa nitabanwa."
"Si uende chooni."
Feni ilizunguka, ikazunguka.
"Chooni kuna watu."

Watu.
Lugembe wa darasa la saba na walinda mlango wake wawili
walikuja baadaye, jina kwa jina,
kama mtu anayejitoa miba ya samaki kooni:
wanamwita Panki, kwa mbavu zake;
walimvua kaptula wakairusha juu ya bati;
akakaa humo hadi kengele ya mwisho,
yeye na inzi.

Mimi nilikuwa mlangoni.
Si kwa Kashinje. Nyegezi, mwaka themanini na tisa.
Mtoto aliitwa Ng'wandu, alikuwa na kigugumizi.
Sikumpiga.
Nilishika komeo tu,
kwa mkono huu huu unaoshika kioo cha damu.

Fomu ina mistari minne ya majibu.
Mitatu nimeijaza hakuna, hakuna, hakuna.
Wa nne nimekaa nao.
Hadubini hii inakuza mara mia nne
na haijawahi kunionyesha mlango.

Nimeandika: Mtoto ana kiu.
Nimegonga mhuri, nimevua koti jeupe,
nimemwambia muuguzi foleni inisubiri,
nakwenda shuleni mara moja,
ingawa sijui nitaanza na sentensi gani.

Kashinje amekunywa vikombe viwili vya maji ya ndoo,
cha pili kwa pupa, mengine yakamwagikia shati.
Kisha akauliza, kwa sauti ya kuazima,
"Choo chenu kina komeo kwa ndani?"