Fremu ya Soraluze

Dukani Eibar, nyuma ya kioo, zimetundikwa
kaboni nyeusi, nyepesi,
waweza kuinyanyua moja kwa kidole cha mwisho.
Muuzaji alinitajia bei kwa sauti ya daktari.
Kipya kinyemi. Nikafunga mkoba, nikatoka.

Nilitaka chuma.
Pengine ni mji huu:
babu zetu walifua mitutu ya bunduki,
kisha mtutu ukageuka bomba la baiskeli,
pua ile ile, tundu lile lile,
ila sasa kinachopita ndani ni upepo.

Soraluze, ghorofa ya nne, lifti hakuna.
Mjane Garbiñe aliivuta uvunguni mwa kitanda cha wageni,
imeviringishwa shuka la maua:
buluu, imechubuka pale mnyororo ulipozoea kuipiga.
"Iñaxio aliipanda mpaka moyo ulipomkataza," akasema,
hakuongeza neno.
Nilikuwa na sumaku mfukoni; ikanata.
Nilikuwa na futikamba: hamsini na nne.
Mimi ni wa hamsini na tatu.
Mchagua nazi hupata koroma,
na mimi nilikuwa nimechagua miezi mitano.

Baba alikuja nami, ingawa hasikii
tangu mashine za kiwandani zimle masikio.
Wenye masikio hugonga bomba kwa ukucha:
zima hulia, lenye ufa hukohoa.
Baba alichomoa bisibisi,
ncha akaituliza kwenye bomba, mpini akauuma kwa meno,
akaniashiria: gonga.
Nikagonga. Akafumba macho.
Bomba la juu, sawa.
La chini, sawa. Uma, sawa.
Kwenye kiungo cha kiti akainua kidole.
Gonga tena.
Tena.
"Kuna unywele hapa," alisema
kwa ile sauti yake kubwa isiyojijua,
"umelala chini ya rangi."

Mwenye akili angeaga.
Garbiñe akaikunja shuka mara nne, mara nane.
"Basi nipeni bei ya chuma chakavu."
Baba akahesabu mezani bei ya kwanza, yote,
euro mia na sitini.
Ngazini nikamgombeza kwa mikono. Akanijibu kwa mikono:
plastiki ikipasuka huzikwa.
Chuma huugua tu.

Nguzo ya kiti ilikuwa imeganda ndani,
alumini na chuma vimeoana kwa kutu, havitaki talaka.
Tukamimina amonia, maji ya moto,
na matusi ambayo mama hakuyaruhusu mezani.
Siku ya kumi na tisa ikazunguka milimita mbili.
Baba alicheka kama mwizi wa maembe
katika nchi isiyo na maembe.

Halafu moto.
Shaba ya manjano ikalainika, ikasita,
ikaingia ufani yenyewe
kama maji yanayojua kwao.

Breki za mtumba kutoka Bilbao.
Rimu mpya; hapo sikubana mkono, rahisi ni ghali.
Gololi nilizipanga moja moja katika grisi.
Tandiko la ngozi ni la shangazi Maddi,
lina umbo la shangazi Maddi, tutazoeana.
Rangi sikupaka. Pale kiungoni
pana kovu la dhahabu kwenye buluu,
na anayeniuliza namwonyesha.

Jumapili nikapanda Arrate katika manyunyu.
Bado ni sentimita moja ndefu; mgongo unaijua.
Kona ya mwisho nikasimama juu ya kanyagio,
nikaihisi fremu ikijipinda kidogo chini yangu
na kurudi, kama mtu anayekupisha mlangoni.

Baba alikuwa kileleni, amekuja na basi,
ameshika bisibisi.
Hakunipa pole wala hongera.
Ncha kwenye kovu, mpini menoni:
gonga.
Nikagonga, mapafu yakiniwaka.
Alisikiliza muda mrefu kuliko siku ile ya Soraluze,
mvua ikimtiririka kwenye kope zilizofumbwa.
Kisha akautoa mpini mdomoni, akaufuta kwa koti.

"Mnyororo," akasema, kijiji kizima kikasikia,
"unataka mafuta."