Ukurasa wa Kumi na Tisa

Upepo wa Dodoma asubuhi hauna adabu,
unafunua kurasa kabla ya wenye hela,
ndiyo maana nayabana magazeti kwa vibanio vya nguo,
kumi na mawili kamba moja, Majengo, mkabala na soko.
Wateja wangu wanakuja, wasomaji wa kusimama:
mikono nyuma, shingo mbele,
wanakula vichwa vya habari, wananiachia makombo.

Leo hawagombanii Simba na Yanga.
Leo ni tenisi.
Mungu anisamehe, zamani nilidhani ni ugonjwa.

"Leontina ametutoa kimasomaso!" Ndahani huyo,
aliyeokota mipira pale klabu ya reli
enzi za wazungu wa mradi,
mpaka leo anatamka "thelathini, arobaini"
kama anataja bei ya vitunguu.
"Nusu fainali! Mtoto wa Chidosa, Chidosa wa Kongwa!"

"Ametutoa sisi nani?" Asnathi anauliza,
nesi, katoka zamu ya usiku, macho mekundu.
"Bendera ya begani umeiona? Ile ina theluji."
"Damu haina theluji, dada."
"Damu? Njoo wodini nikuonyeshe damu.
Mfuko hauandikwi kabila. Unaandikwa kundi."

Chilongola, dereva wa wizara, anasukuma kofia kisogoni.
Yeye ugomvi wake ni na hawa wanaoandika.
Jumatatu kashinda: BINTI WETU, picha kama sahani.
Jumatano kashinda kwa taabu: MWENYE ASILI YA DODOMA,
picha kama kiganja.
"Kesho akifungwa, nishikeni uongo,
atakuwa MCHEZAJI WA KIGENI, picha kama stempu.
Na kule kwao ni hayohayo:
akibeba kombe ni wao,
akivunja raketi wanamrudisha Kongwa."

"Na yule mtangazaji!" Ndahani anapanda sauti. "Shidoza! Shidoza!
Mwezi mzima analipwa kwa kusema Shidoza!"
Wanamsahihisha mtangazaji asiyewasikia,
Chi-do-sa, Chi-do-sa, na muuza karanga kadakia,
mpaka kijana wa bodaboda anafunga breki
akidhani anaitwa.

Mimi nahesabu chenji ambayo haipo.
Siwaambii kwamba ukurasa wa kumi na tisa,
chini ya tangazo la dawa ya mende,
kuna mistari miwili:
Katika tenisi wasichana, mashindano ya shule,
Dodoma ilipata medali ya fedha.
Nukta.
Dodoma, kana kwamba mkoa mzima ulivaa raba
ukasimama nyuma ya wavu.

Anaitwa Tabita Chibehe.
Anakaa Chang'ombe, nyuma ya mashine ya kusaga,
mpira wake umenyonyoka kama kuku wa sikukuu,
raketi kaifunga utepe wa mafundi umeme,
anaupiga ukuta wa jirani, anaupiga,
mpaka jirani atoke na ufagio.
Uraia wake hauna ubishi,
labda ndiyo sababu hauna habari.

Nilitaka kusema. Lakini walishafika kwenye pasipoti,
na Asnathi akitaja pasipoti hanyamazi.
Nikachukua kalamu ya mauzo,
nikaandika jina pembeni ya ile mistari, herufi kubwa.
Nakala ya tano wino ukaisha.

Saa nne akaja mtu wa koti, mnunuzi wa kwanza.
Akafungua kumi na tisa moja kwa moja,
sijui kwa nini, pengine ana mende.
"Hili limechorwa. Nipunguzie mia mbili."
"Soma kwanza," nikamwambia.
Akasoma, midomo ikicheza.
"Chibehe," akasema, sawasawa kabisa. "Wa hapa?"
"Wa hapa."

Akalikunja, akalitia kwapani,
akalipa pungufu vilevile.