Ufa Usiozibwa

Mawe mawili juu ya gazeti la juzi,
nyumba ya Kiamunyi, mvua ikijaribu bati.

La kwanza kanitumia Okinda, tuliyesoma naye Njoro;
sasa yuko melini, anakwangua sakafu ya bahari.
Jeusi, dogo kama nusu ya andazi,
ubavu mmoja kioo: maji yalilinasa
kabla halijamaliza kupumua.

La pili nimeliokota ukingoni mwa Menengai,
kijivu, zito, halina haraka.

"Moto wa huko chini ulipimwaje?" mama auliza,
mikono imo katika mrenda.
Haukupimwa, mama. Hakuna chuma kifikacho.
Tunaonja.

Kumbuka chungu chako cha Vihiga, kile chenye matundu,
majivu ya maganda ya maharagwe ndani.
Tone la kwanza la munyu liliuma ulimi;
ulipozidisha maji, ukali ukapotea.
Ndivyo ulivyo mwamba. Joto likiwa haba
huyeyuka kiasi cha kijiko,
na kijiko hicho hubeba sodiamu yote.
Joto likizidi, kuyeyuka huanzia mbali, kina kirefu,
hutoka debe kwa debe,
sodiamu ikazimuliwa, sakafu ikanenepa,
mgongo wa bahari ukainuka kuukaribia mwanga.

"Basi hili la Okinda?"
Sodiamu yake chache. Limetoka penye moto mkali.

"Na hili letu?"

Hapo nanyamaza kidogo.
Letu limejaa magadi, kama ziwa lenyewe,
lakini lilikaa ghalani chini ya mlima miaka na miaka
likichujwa, likichujwa tena.
Siwezi kuapa kwa ladha yake.

Mama anacheka. "Munyu wangu haukuhitaji moto."
Na majivu, mama, yalitoka wapi?

Sakafuni, toka mlangoni hadi chini ya kabati,
upo ufa anaouziba kwa saruji kila Aprili.
Usipoziba ufa utajenga ukuta,
husema, akisugua mwiko.
Bahari iliisikia methali hiyo kwa sikio jingine:
haikuziba hata siku moja,
na tangu hapo inajenga.

Mwaka huu saruji imepanda bei.
Ufa umeachwa. Nainama, nalaza kiganja juu yake.
Baridi.
Bado si bahari.

"Ondoa mawe yako mezani," asema mama,
"mrenda unapoa."