Hesabu ya Mkurugenzi

Anahit amenimwagia mezani boksi la viatu:
risiti za miezi ishirini na sita,
nyingine zina alama ya kidole chenye siagi,
moja imekunjwa mara nne kama barua ya siri.
Nje, mvua ya Hull inakuja kwa ubavu
na Barabara ya Beverley imewasha taa saa tisa alasiri.

"Zote ni laki mbili," ananiambia. "Nimezihesabu
kwa mkono, kisha kwa mashine, kisha usingizini."

Namwambia: lazima tuchambue.
Pauni iliyoingia ikazama kwenye biashara, hiyo ni mtaji.
Pauni iliyomtokea mkurugenzi mfukoni, si mtaji,
hata kama mkurugenzi ni wewe,
hata kama pauni ni ya nyumba uliyoiuza Gyumri,
na mparachichi wake, na kaburi la mbwa.

Ananitazama kama mtu aliyeambiwa
kivuli chake kinadaiwa nauli.

Basi tukaanza.
Tanuri: ndani. Unga, tani kumi na moja: ndani.
Mshahara wa Kieran wa zamu ya usiku: ndani,
pamoja na zile siku alizolala kwenye magunia.
Mia sita na arobaini kila tarehe ishirini na nane
kwenda kwa A. Melkumyan: nje.
"Vile vilikuwa viatu vya Davit. Miguu yake haisubiri."
Nje.
"Na miwani ya mama."
Nje, bibie. Nje.

Simu? Nusu inabishana na msaga nafaka,
nusu inamlilia mama.
Nikapiga mstari katikati ya simu.
Koti zito lililonunuliwa na kampuni?
"Nalivaa ghalani," akasema.
Kisha, maana uongo haumkai mdomoni:
"Na kanisani."
Chumba cha juu ya duka, anacholala bure?
Kanuni zina jina lake: manufaa.
Usingizi wenyewe, juu ya joto la tanuri,
nao ni ujira.

Mchumia juani hulia kivulini, tumezoea kusema.
Huyu kachumia motoni,
na akitaka kula, popote pale,
aijulishe kwanza wizara.

"Machi," akasema ghafla, "mashine ya kukandia ilikufa.
Wiki tatu nilikanda mwenyewe. Ziko wapi?"
Nikatafuta. Risiti ya fundi ipo: ndani.
Kipuri kutoka Leeds: ndani.
Wiki tatu hazipo.
Akaigeuza mikono yake juu ya meza, viganja juu,
kama anayekagua kama kuna kitu kimesahaulika humo.

Jumla tumepungukiwa elfu kumi na sita
mia sita na arobaini,
bila koti, bila nusu ya simu.

Hakulia. Alitoa mkate bapa mfukoni, akaupasua.
"Huu nimeula kila asubuhi. Andika."
Sikuandika.
Nilipokea kipande changu, kilikuwa bado na uvuguvugu.

Mwisho kabisa nikaingiza ada yangu,
pauni mia nne na hamsini, ya kumwambia haya yote.
Nikafungua kanuni, ukurasa wa tisa, nikahakikisha mara mbili.
Ada ya mhasibu: ndani.

Nikapuliza makombo yaliyokaa juu ya safu.