Chumvi

Siku ya tisa seli zilianza kudunda.
Hakuna aliyeziamuru. Niliinamia hadubini
nikitaka kuandika halijoto tu, nikaona ukingo wa sahani
unajikunja, unaachia, unajikunja,
kama jicho la mtoto anayejifanya amelala.

Miezi mitano nyuma zilikuwa ngozi,
ngozi ya mkono wa mtu nisiyemjua jina.
Tukazisahaulisha ungozi wake,
tukazifunda upya, tone kwa tone,
na nyingi zikafa katikati ya somo.
Zilizobaki nazilisha kila siku
mchuzi wa rangi ya waridi: sukari, kalsiamu,
na chumvi.
Bila chumvi hazipigi.

Baba, ng'ambo ya mto Tisza, amekatazwa chumvi.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha tramu ya Szeged,
na kila Ijumaa supu ya samaki, pilipili nyekundu
mpaka majirani wapige chafya.
Sasa analala ameketi, mito mitatu mgongoni,
miguu imevimba, soksi zinaacha mfereji.
Daktari Zsombor alimchorea moyo juu ya bahasha:
hapa pamekufa, hapa ni kovu,
na kovu halisukumi damu, linashikilia tu.
"Kumbe kufa moyo si maneno matupu,"
baba akacheka, akakohoa mpaka ngazi ya chini.

Lini? huniuliza. Kila mara, lini?
Namsimulia nguruwe wetu wa tatu:
kiraka kilishika vizuri, kisha moyo ukaenda mbio,
wageni wale hawakuijua ngoma ya nyumba.
Simwambii ulivyokwisha usiku ule.

Leo Jumapili nimemwonyesha picha kwenye simu.
Kiganja kifuani, macho kwenye sahani,
midomo inahesabu. Hawaendi sawa, yeye na zile:
yeye huruka pigo, hungoja, kisha hupiga mawili.
Nilikaa nikisubiri anitie moyo, au auvunje.
Supu ilikuwa inapoa, haina ladha ya kitu.

"Na leo," akauliza, "nani anazilisha?"
"Mimi."
Akalivuta koti langu kitini, polepole,
akapumzika akiwa amelishika,
akanitupia.
"Sasa unakaa hapa kufanya nini?"